Mwalimu wa uchoraji asiishike penseli ya mwanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika, katika toleo la wiki iliyopita, kwamba mwalimu anayemfundisha mwanawe kuchora "hafundishi chochote". Kwa maelezo yake, mwalimu huyo huzunguka darasani akiuliza maswali, haishiki penseli ya mtoto hata mara moja, haruhusu ufutio, na mwishoni mwa muhula mtoto alirudi nyumbani na mchoro wa jagi ambalo kishikio chake kimepinda na mdomo wake umelala upande. Msomaji akauliza: mwalimu asiyesahihisha jagi lililopinda analipwa kwa kazi gani? Swali ni la haki, wala halikuulizwa kwa ubaya. Nimefundisha uchoraji kwa miaka 22, na katika miaka tisa ya mwanzo nilifundisha vilevile msomaji anavyotaka tufundishe. Kwa hiyo sijibu kwa kumkingia kifua mwenzangu wa kazi. Najibu kwa sababu njia anayoitaka naijua, na naijua ilikonifikisha.

Wakati ule nilikuwa na mkono mwepesi, na huruma nyepesi zaidi. Nikimwona mwanafunzi amekwama, nilivuta kiti, nikasema "hebu nikuonyeshe", nikaichukua penseli yake, na kwa mistari mitatu kishikio kikakaa sawa. Mwanafunzi alishukuru, mzazi alifurahi, nami nilirudi mezani kwangu nikijiona fundi. Mwisho wa mwaka mmoja tukatundika ukutani kazi za darasa zima, michoro 26 ya jagi moja lililowekwa juu ya meza moja. Mgeni aliyekuja kuangalia maonyesho alipita taratibu kutoka mchoro wa kwanza hadi wa mwisho, akanigeukia kwa tabasamu, akasema, "Mwalimu, wanafunzi wako wana mkono mmoja." Alikuwa ananisifu. Nikageuka kuutazama ukuta, na kwa mara ya kwanza nikaona alichokiona: vishikio 26 vilivyoanza kwa unene uleule, vikajikunja mahali palepale, vikaishia kwa kale kamkia ninakopenda kukaweka mimi. Nikakumbuka kwamba wanafunzi wale walikuwa wameizunguka meza, kila mmoja upande wake, na kwamba waliokaa nyuma ya jagi hawakuweza kukiona kishikio kwa umbo lile hata kidogo. Walikuwa wamechora kitu ambacho hakikuwa mbele ya macho yao, na mimi nikawapa alama kwa hicho.

Nieleze kwa nini jambo hilo ni baya kuliko linavyosikika. Kosa la mtu anayeanza kuchora ni nadra kuwa kosa la mkono, kwa kuwa mtu anayeweza kuandika jina lake ana mkono wa kutosha kuchora jagi. Kosa liko kati ya jicho na kichwa. Kichwa kinajua kwamba mdomo wa jagi ni duara na kwamba kitako chake hukaa bapa juu ya meza. Basi mwanafunzi huchora mdomo wa mviringo kama sarafu na kitako kilichonyooka kama kimepigwa kwa rula, ingawa jicho lake halikioni hata kimoja kati ya hivyo viwili. Akiwa ameketi na analitazama jagi kutoka juu kidogo, anachokiona mdomoni ni umbo la yai lililolala, na kitakoni anaona upinde. Tena upinde wa kitako umejikunja zaidi kuliko ukingo wa mdomo, kwa sababu kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho yake. Akiinama mpaka macho yake yalingane na mdomo wa jagi, yai lile hujifumba likawa mstari mmoja tu. Ndivyo ilivyo hata kwenye sura ya mtu. Karibu kila anayeanza huyapandisha macho hadi kwenye paji la uso, wakati ukipima utakuta kwamba macho ya mtu mzima yako karibu na katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Kanuni hiyo unaweza kumwambia mwanafunzi mara kumi, akaikariri vizuri, akaijibu vizuri kwenye mtihani, na bado akayapandisha macho, hadi siku atakapopima mwenyewe akashangaa.

Mwalimu anapoishika penseli ya mwanafunzi na kuuweka mstari mahali pake, anakuwa ameitengeneza karatasi na kuliacha jicho kama lilivyokuwa. Kesho jagi likibadilishwa na birika, tatizo liko palepale, na safari hii mwanafunzi ameongeza tabia mpya, yaani kusubiri. Nimewaona wanafunzi wa aina hiyo wakija kwangu kutoka kwa walimu wengine, na nimewatengeneza wengi mimi mwenyewe: wanachora haraka haraka, wanafika kwenye sehemu ngumu, wanaweka penseli chini na kukutazama. Hawatazami jagi, wanamtazama mwalimu.

Baada ya maonyesho yale nilibadili mambo, si kwa siku moja. La kwanza nililolifanya lilikuwa kuondoa penseli mezani kwa dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi. Wanafunzi huketi na kukitazama kitu, kisha mmoja mmoja huniambia alichokiona ambacho mwenzake hajakitaja. Dakika tatu za kwanza huwa ni majibu ya kichwani: jagi ni jeupe, lina kishikio, ni la udongo. Ikifika dakika ya sita hivi majibu huanza kutoka machoni: kivuli cha jagi si cheusi, kina ubluu kidogo, upande ulio kivulini una mwanga hafifu unaotoka kwenye meza yenyewe, kishikio kinatupa kivuli chake juu ya tumbo la jagi na kivuli hicho kimejikunja kufuata tumbo. Huyo wa kivuli kilichojikunja, nakuhakikishia, Mhariri, atakichora vizuri bila kuguswa na mtu.

La pili ni kupima. Mwanafunzi hunyoosha mkono wote bila kukunja kiwiko, hufumba jicho moja, hulinganisha ncha ya penseli na juu ya kitu na kidole gumba na chini yake, kisha huuzungusha mkono uleule kupima upana. Kiwiko kikikunjwa, umbali kati ya jicho na penseli hubadilika na kipimo chote huharibika. Hiyo ndiyo sababu tunasisitiza mkono unyooke, wala si ukali wa mazoea. Hiki ni kifaa cha zamani mno na hakigharimu kitu, lakini mwalimu anayechora juu ya kazi ya mwanafunzi humnyima haja ya kukitumia.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Kijana mmoja alikuwa anachora kiti cha mbao. Alichora miguu minne yenye urefu sawasawa, yote ikaishia kwenye mstari mmoja, na kiti kikaonekana kama kimebandikwa ukutani.

"Mwalimu, kiti hakikai," akaniambia.

"Mguu wa nyuma unaishia wapi ukiulinganisha na wa mbele?"

"Viti vina miguu sawa, Mwalimu."

"Sikukuuliza viti vikoje. Nimekuuliza unaona nini."

Akanyamaza kwa kitambo. Alinyoosha mkono, akafumba jicho, akailaza penseli kuanzia kwenye wayo wa mguu wa mbele. Nilimwona anarudia mara mbili, kama mtu aliyehesabu chenji ikamzidi. Kisha akasema polepole, "Wa nyuma umeishia juu." Akachora mguu mpya kando ya ule wa zamani bila kuufuta, na kiti kikaketi sakafuni. Mimi sikuwa nimechora hata nukta. Kazi hiyo ingenichukua sekunde tano kwa penseli. Kwa maswali ilichukua karibu robo saa, na ndani ya robo saa hiyo wanafunzi wengine saba walikuwa wameinua mikono wakinihitaji. Sitaki kumficha msomaji gharama hiyo. Njia hii ni ya polepole, na katika darasa kubwa mwalimu hawezi kumfikia kila mtu kwa siku moja. Dawa niliyoipata, ambayo si kamili, ni kuwaketisha wawili wawili na kuwafundisha waulizane maswali yaleyale, na kuna wanaoyauliza vizuri kuliko mimi.

Kiti hicho hicho kina somo jingine ambalo walimu wengi hulitumia: badala ya kuchora miguu, mwanafunzi huchora nafasi tupu zilizo kati ya miguu. Kichwa chake hakina picha iliyokaririwa ya nafasi tupu, kwa hiyo hakiwezi kumdanganya. Atalazimika kuitazama pembe ile ya hewa kama ilivyo, na akimaliza kuzichora nafasi zote atakuta kiti kimejichora chenyewe katikati. Mwalimu mmoja wa New York, Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Art Students League hadi miaka ya 1930, aliwataka wanafunzi wafuatilie ukingo wa kitu kwa jicho na penseli kwa mwendo mmoja wa taratibu bila kuitazama karatasi. Matokeo ya zoezi hilo huwa ni vituko: pua inatokea sikioni, mabega hayakutani. Mzazi akiyaona atafikiri mtoto anafanya mchezo. Lakini ukiutazama mstari wenyewe utaona una uhai na usikivu ambao hauko katika ule mchoro safi wa wiki iliyotangulia. Kuna pia zoezi la kunakili picha iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, ambalo Betty Edwards wa Marekani alilieneza sana kuanzia mwaka 1979. Maelezo yaliyoambatana nalo, kwamba upande mmoja wa ubongo ndio unaochora na mwingine ndio unaosema, wataalamu wa ubongo wanayaona kuwa yamerahisishwa kupita kiasi, nami siyarudii darasani. Zoezi lenyewe linafanya kazi kwa sababu iliyo wazi: picha iliyopinduliwa haiitiki jina, na mtu asipoweza kusema "hili ni jicho" hubaki na mistari tu, akaichora kama ilivyo.

Kuhusu ufutio, ambao msomaji ameulalamikia kwa nguvu zaidi, sheria yangu ni ya mwezi mmoja wa mwanzo tu. Mstari uliokosewa ni kipimo. Ukibaki kwenye karatasi, mwanafunzi anaweza kusema "ule uko chini mno, basi wa kweli uko juu yake kidogo". Ukifutwa, anarudi kwenye karatasi tupu na mara nyingi anaurudia uleule, kwa kuwa sasa hana cha kuulinganisha nao. Nimemwona mwanafunzi akifuta na kuchora mstari mmoja mara sita hadi karatasi ikatoboka, na mistari yote sita ilikuwa imepita mahali pamoja. Baada ya mwezi huo naurudisha ufutio, na wengi hawaufuatilii tena.

Hapa naomba nieleweke, kwa sababu wapo walimu watakaoisoma barua hii wakidhani nimejiunga na wale wanaosema mtoto aachwe huru, asifundishwe, asionyeshwe, sanaa itamtoka yenyewe. Siko huko. Franz Cižek, aliyefungua madarasa ya sanaa kwa watoto huko Vienna mwaka 1897, alifanya jambo kubwa alipokataa watoto wadogo wakalishwe kunakili vielelezo vya watu wazima, na kwa mtoto wa miaka mitano mimi namfuata bila kusita. Lakini mtoto hukua. Kati ya miaka tisa na kumi na miwili hivi, wengi huanza kutaka vitu vyao vifanane na vitu halisi, hujilinganisha, huona aibu, na ni katika umri huo ambapo watu wengi duniani huacha kuchora moja kwa moja. Kumwambia mtoto wa umri huo "chora unavyojisikia" ni kumwacha solemba. Anajisikia kuchora farasi anayefanana na farasi, na hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo naonyesha, tena sana, ila kwenye karatasi yangu. Nina karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye ubao, na mwanafunzi akishindwa kabisa tunaijia pamoja. Nachora huku nikisema ninachokitazama, nakosea mbele yake, napima upya, kisha anarudi kwenye kazi yake ambayo haijaguswa. Kunakili nako hakuna ubaya wowote mradi anayenakili anajua kwamba ananakili. Mafundi wa Italia waliwafunza vijana hivyo kwa karne nyingi. Cennino Cennini, aliyeandika karibu na mwaka 1400, alimshauri mwanafunzi achague bwana mmoja aliye bora na kumfuata huyo, asirukeruke leo huyu kesho yule. Huko Ufaransa, kati ya 1866 na 1871, Charles Bargue akisaidiana na Jean-Léon Gérôme alitoa karatasi za vielelezo za kunakiliwa na wanafunzi, na mchoraji Vincent van Gogh, ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwa kukosa mkono wake mwenyewe, alizinakili zote kwa bidii alipokuwa anaanza, kisha akazirudia. Lakini aliketi nazo yeye, akatazama yeye, akakosea yeye. Hakuna aliyekuja kumkamata kiganja.

Mwalimu ninayemwonea wivu kuliko wote ni mchoraji Gustave Moreau, aliyefundisha katika École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya Paris, kuanzia 1892 hadi alipofariki mwaka 1898. Picha zake yeye zilikuwa za visa vya kale, zimejaa vito na mapambo hadi pembeni. Wanafunzi wake aliwapeleka kwenye jumba la makumbusho la Louvre kunakili kazi za wakubwa, na vilevile akawahimiza watoke kwenda kuchora watu barabarani. Katika darasa lake walipita wachoraji Henri Matisse, Albert Marquet na Georges Rouault, na walipokomaa hakuna kati yao aliyechora kama mwenzake, wala kama Moreau. Ukiziweka kazi zao ukutani, hakuna mgeni atakayesema wana mkono mmoja. Ninapolikumbuka lile jagi langu, hapo ndipo linaponiuma.

Kwenye rangi jambo hili liko wazi zaidi, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu msomaji anaweza kulijaribu mwenyewe kwa dakika mbili. Josef Albers alifundisha katika Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, hadi Wanazi walipoibana na shule hiyo ikafungwa mwaka 1933, kisha akahamia Marekani, katika Black Mountain College na baadaye Chuo Kikuu cha Yale. Alipofika, Kiingereza chake kikiwa cha kuombea maji, aliulizwa atafundisha nini, akajibu kwamba atafungua macho. Katika mazoezi yake ya rangi hakupenda wanafunzi waanze kwa kuchanganya rangi za brashi. Aliwapa karatasi za rangi na mkasi. Chukua karatasi moja ya kijivu, ukate vipande viwili vidogo vinavyolingana, kimoja ukiweke juu ya karatasi nyeusi na kingine juu ya karatasi nyeupe. Kilicho juu ya nyeusi kitang'aa, kilicho juu ya nyeupe kitaingia giza, na utaapa kwamba ni vijivu viwili tofauti. Mwanafunzi akiambiwa kwamba rangi hubadilishwa na jirani yake, huandika kwenye daftari na kusahau. Akivibadilisha vipande vile kwa mikono yake, akavirudisha, akavibadilisha tena asiamini, hasahau maisha yake yote. Na mwalimu mwenye haraka ya kumwambia "hapo ongeza nyeupe" amemwibia dakika hiyo.

Nikiri sasa upande wangu mwingine, maana barua hii isije ikanifanya nionekane nimepata jibu la kila kitu. Nilipoacha kushika penseli za watu, kwa muda niliingia kwenye kosa la pili, la mtu aliyeokoka juzi. Nikawa nauliza maswali hata mahali pasipo na swali. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyekuja kujifunza jioni baada ya kazi, alihangaika na mkono uliochorwa kwa mbele, vidole vikimwelekea. Umbo hilo humshinda hata mzoefu, kwa kuwa kidole kizima hubaki kuwa pande fupi tu na urefu wake wote humezwa. Aliniomba msaada, nikamwuliza anaona nini. Akaniomba tena, nikamwuliza tena. Mara ya tatu macho yake yalijaa machozi, akakusanya vitu vyake kwa heshima, akaaga, na hakurudi. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa chumba cha jirani aliniambia baadaye, bila kunilaumu, kwamba maswali nayo yana ukali wake. Alikuwa sahihi. Mtu aliyechoka hana jicho la kutazamia, na swali kwake ni mlango uliofungwa. Tangu siku hiyo nina mpaka: nikiulizwa mara ya pili, naisogelea karatasi yangu na kuonyesha, na siku mtu amechoka kabisa namwambia aache, tuzungumze mambo mengine. Kama mwalimu wa mtoto wa msomaji wetu hana mpaka wa namna hiyo, basi hapo msomaji ana hoja, nami nitasimama naye.

Lipo pia suala la sifa, ambalo msomaji aligusia alipolalamika kwamba mwalimu hasemi kazi ni nzuri wala mbaya. Neno "nzuri" nimelipunguza sana darasani, na sababu yake si ubahili. Mwanafunzi akiambiwa "nzuri" hajui ni nini kilichokuwa kizuri, kwa hiyo wiki inayofuata hurudia kila kitu pamoja na yale mabaya, akitumaini kulipata tena lile neno. Nikimwambia "kivuli hiki chini ya kitako kimelikalisha jagi mezani", anajua amefanya nini na atakifanya tena kwa kukusudia. "Mbaya" sina kabisa. Nimekutana na watu wazima wenye mvi wanaokumbuka kwa sauti na kwa maneno yaleyale kile alichokisema mwalimu juu ya mchoro wao walipokuwa na umri wa miaka minane, na ambao hawajashika penseli ya kuchorea tangu siku hiyo.

Na alama? Mitihani mingi hutazama kazi moja iliyokamilika, na sina uwezo wa kuibadili. Zile alama zilizo mikononi mwangu nazitoa kwa daftari. Kila mwanafunzi ana daftari la michoro lenye tarehe kwenye kila ukurasa, hachani karatasi, na mwisho wa muhula tunaliweka mezani, tunafungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na yeye ndiye anayeanza kuniambia kilichobadilika. Mara nyingi anayetoka na mchoro unaopendeza kuliko yote darasani si yeye aliyesogea zaidi. Wapo wanaokuja na mkono mzuri tayari, wakamaliza muhula mzima wakiwa palepale kwa sababu kila mtu amekuwa akiwasifia, na hao hunihangaisha kuliko wenye majagi yaliyopinda.

Namrudia sasa msomaji na mwanawe. Mchoro alioletewa nyumbani, wenye kishikio kilichopinda, huenda ndio mchoro wa kwanza ambao kila mstari wake ni wa mtoto mwenyewe. Kabla ya kwenda kudai mwalimu abadilishwe, namwomba aombe lile daftari, atafute jagi la mwanzo wa muhula na kuliweka kando ya hili la mwisho. Kisha aweke jagi lolote mezani, aketi karibu na mtoto, amwulize ni wapi mchoro wake haufanani na anachokiona, na amwache ajibu bila kumsaidia. Kama mtoto atanyoosha mkono, akafumba jicho moja na kuanza kupima, msomaji atakuwa amepata jibu la swali lake kuhusu mshahara wa mwalimu. Kama atakaa akimtazama baba yake usoni akisubiri kuambiwa, basi aniandikie kupitia gazeti hili, nami nitaungana naye kumwuliza mwalimu huyo maswali.

Wako,
Mwalimu wa uchoraji